Saratani ya Mapafu Katika Nchi ya Tumbaku

Saratani ya mapafu huua watu wengi kuliko saratani nyingine yoyote duniani. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, mwaka 2022 iligunduliwa kwa watu wapatao milioni 2.5, na milioni 1.8 walifariki kwa ajili yake. Lakini haiui kwa usawa. Uvimbe wa aina moja na ukubwa mmoja unaweza kumwacha mtu akaishi miaka mingi na kumwua mwenzake kabla mwaka haujaisha, na mara nyingi kinachowatenganisha wawili hao hakimo ndani ya pafu. Kimo katika umbali wa hospitali, katika fedha iliyopo nyumbani, katika kadi ya bima, katika jinsi mhudumu wa kwanza alivyolichukulia lile kohozi lenye damu. Mkoa wa Tabora unalionyesha jambo hili waziwazi: ni nchi ya tumbaku, ni mbali na hospitali kubwa, na wakazi wake wengi hupata fedha taslimu mara moja kwa mwaka.

Pafu lenyewe halina neva za kuhisi maumivu, ndiyo maana uvimbe huweza kukua humo kwa muda mrefu mwenyewe asijue. Dalili zinapojitokeza huwa ni zile ambazo kila mtu amewahi kuziona kwa sababu nyingine: kikohozi kisichokatika, makohozi yenye damu, kuishiwa pumzi, kukonda, maumivu ya kifua au ya bega, sauti kukwaruza. Madaktari huugawa ugonjwa katika hatua nne. Katika hatua ya kwanza uvimbe ungali mahali pamoja, na ukiondolewa kwa upasuaji, zaidi ya nusu ya wagonjwa huishi miaka mitano na kuendelea. Katika hatua ya nne umeshasambaa hadi kwenye ini, mifupa, ubongo au pafu la pili, na kwa tiba za kawaida wanaofikisha miaka mitano hawafiki hata mmoja katika kumi. Basi kila siku anayocheleweshwa mgonjwa humsogeza kutoka kundi la kwanza kuelekea la mwisho, na umaskini una njia nyingi za kuchelewesha.

Umbali ni njia mojawapo. Zamani Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi na wafanyabiashara waliotoka Bagamoyo walipumzika Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, kisha wengine wakaendelea magharibi hadi Ujiji na wengine wakapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Novemba. Mpelelezi mwingine, Livingstone, alikaa Kwihara, nje kidogo ya mji, kuanzia Februari hadi Agosti 1872, akisubiri wapagazi na mahitaji kutoka pwani. Reli ilifika mwaka 1912, na tawi la Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Mgonjwa wa saratani anayetoka Tabora leo anachagua kati ya matawi yaleyale: kaskazini, kilometa kama 380 kwa reli, hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza, au mashariki, kilometa kama 840, hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road na Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam. Safari ya miezi imekuwa ya saa, na hilo si dogo. Hata hivyo kwa kaya inayokula kile inacholima, nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, malazi na chakula cha wiki kadhaa katika mji mgeni ni gharama inayoweza kumaliza zizi.

Ukosefu wa usawa huanza kazi kabla ya ugonjwa wenyewe. Kilimo cha tumbaku kilishika mizizi Urambo baada ya mradi mkubwa wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947, kushindwa, na leo Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui zinajulikana kwa zao hilo. Hapa tofauti moja haina budi kuwekwa wazi. Kulima tumbaku na kuvuta tumbaku ni mambo mawili. Anayechuma majani mabichi yenye umande hupata sumu ya nikotini kupitia ngozi, akashikwa na kizunguzungu, kutapika na kuishiwa nguvu. Hayo ni madhara makubwa, lakini si saratani ya mapafu. Saratani huletwa na moshi unaovutwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kati ya kila watu wazima 100 nchini Tanzania, karibu tisa walikuwa wakitumia tumbaku. Kwa wanaume ilikuwa karibu 15, kwa wanawake karibu watatu. Kwa jumla wasiosoma sana na wenye kipato kidogo ndio wanaovuta zaidi. Sigara huuzwa moja moja vibandani, kwa hiyo hata asiye na fedha ya pakiti huipata kila siku, na vijijini kuna tumbaku ya shambani inayosokotwa kwenye karatasi au kutiwa kwenye kiko.

Upo moshi mwingine, ambao hakuna anayeuchagua. Kaya nyingi za Tanzania hupika kwa kuni na mkaa, na jiko la mafiga matatu ndani ya chumba chenye kidirisha kimoja humfanya mama na mtoto aliye mgongoni wavute moshi kwa saa kadhaa kila siku. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeuweka moshi wa kuni za jikoni katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani. Ushahidi wake haujafikia nguvu ya ule wa sigara, lakini si wa kupuuzwa. Kwenye mabani ya kukaushia tumbaku moto huchochewa usiku na mchana kwa siku kadhaa mfululizo. Mabomba hupitisha joto bila moshi kugusa majani, lakini anayeukesha moto ule mlangoni hana bomba la kumkinga. Katika machimbo madogo ya dhahabu ya Nzega na Igunga, wachimbaji na wanaosaga mawe huvuta vumbi la silika, ambalo limethibitishwa kusababisha saratani ya mapafu. Anayekesha bani, anayesaga mawe na anayepika kwa kuni nyevu hawana cha kufanana isipokuwa kimoja: hawana njia nyingine rahisi ya kupata riziki au kupika chakula.

Kikohozi kinapoanza, mtu wa kijijini haendi hospitali. Huanza na dawa ya nyumbani, kisha duka la dawa muhimu, ambako hupewa dawa ya kikohozi na vidonge vya kuua bakteria. Wengine huenda kwa mganga wa tiba asili, ambaye yuko karibu, anasikiliza, na hukubali kulipwa baadaye. Wanaolaumu tabia hii husahau kwamba ina mantiki yake: zahanati inaweza kuwa mwendo wa saa mbili kwa baiskeli, na huko nako pengine dawa hazipo.

Kalenda ya zao huongeza uzito. Mkulima wa tumbaku hupata mbolea na pembejeo nyingine kwa mkopo kupitia chama cha msingi, huandaa vitalu wakati wa kiangazi, hupanda mvua zikianza, huchuma na kukausha kuanzia mwanzoni mwa mwaka, na hulipwa masoko yakifunguliwa, deni likishakatwa. Mtu anayeanza kukohoa damu mwezi Januari yuko katika kipindi cha kazi nyingi kuliko vyote na fedha haba kuliko vyote. Akiondoka, majani yataungulia shambani na deni litabaki. Hivyo husubiri mauzo, na katika miezi hiyo uvimbe hausubiri. Vibarua wanaokuja msimu kwa msimu kutoka Kigoma na Burundi wana hali ngumu zaidi, kwa kuwa hawamo katika chama wala katika rejesta ya kaya ya kijiji chochote, na anayeugua mara nyingi hurudishwa kwao.

Anayefika kwenye kituo cha afya hukutana na kizuizi ambacho hakikuwekwa na mtu mwenye nia mbaya. Tanzania ni miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu duniani. Kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku, kukonda na damu kwenye makohozi ni dalili za kifua kikuu, na tabibu aliyefunzwa vizuri lazima akifikirie kwanza. Kipimo cha makohozi hutolewa bure na dawa pia. Tatizo huja kipimo kinapoonyesha hakuna vimelea lakini picha ya eksirei ina kivuli. Wagonjwa wengi wa namna hiyo huanzishiwa dawa za kifua kikuu kwa kuamini kwamba vimelea vimejificha. Tiba hiyo huchukua miezi sita. Kama kivuli kile kilikuwa saratani, miezi sita hutosha kuuvusha ugonjwa kutoka hatua ya kukatwa hadi hatua ya kutulizwa maumivu tu. Mtu mwenye uwezo aliyeko Dar es Salaam hupita njia hiyohiyo, lakini asipopata nafuu baada ya wiki chache humtafuta daktari mwingine, hulipia CT scan, na kosa husahihishwa mapema. Wa Kaliua humaliza dawa zote kwa uaminifu, kwa sababu ndivyo alivyoelekezwa. Zaidi ya hapo, kifua kikuu chenyewe huacha makovu yanayoongeza uwezekano wa kupata saratani baadaye, kwa hiyo aliyewahi kuugua ana sababu ya ziada ya kuchunguzwa, ilhali ndiye anayeambiwa kwa urahisi kwamba ugonjwa wake wa zamani umerudi.

Katika miaka ya karibuni serikali imefunga mashine za CT scan katika hospitali za rufaa za mikoa, na hiyo ni hatua kubwa kwa hospitali kama Kitete iliyoko mjini Tabora. Lakini picha haithibitishi saratani. Lazima kipatikane kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe, kwa sindano ndefu inayopitishwa kifuani au kwa mrija wenye kamera unaoshushwa kwenye koo la hewa. Kisha mtaalamu wa patholojia akiangalie kwa hadubini aseme ni saratani ya aina gani. Wataalamu hao ni wachache nchini na wengi wako katika miji yenye hospitali kubwa. Sampuli husafiri, majibu husubiriwa, na simu ya kumwita mgonjwa huenda ikapigwa kwa namba ya jirani. Kila kiungo cha mnyororo huu kina ada yake, na kila ada humwacha mtu njiani.

Serikali imeiweka saratani katika orodha ya magonjwa yanayosamehewa malipo kwenye hospitali za umma. Sera hiyo ni njema na imeokoa wengi. Msamaha, hata hivyo, una masharti: mgonjwa hupitia kwa afisa ustawi wa jamii, pengine akiwa na barua ya mtendaji wa kijiji, na anayejua hayo ni yule aliyeambiwa. Msamaha haulipi nauli, haulipi chumba, wala haurudishi msimu uliopotea. Dawa ikikosekana hospitalini, mgonjwa hupewa karatasi akanunue nje. Bima nayo ina ngazi zake. Mtumishi wa umma aliye na kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya hutibiwa hadi hospitali ya taifa. Mfuko wa afya ya jamii ulioboreshwa, ambao kaya ya watu hadi sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, uliishia kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa. Yaani ulikoma palepale tiba ya saratani inapoanza. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imekusudia kuziba pengo hilo, na thamani yake kwa mgonjwa wa mapafu itategemea jambo moja: kama kitita cha chini kitafika hadi kwenye kinyama, mionzi na upasuaji wa kifua.

Tiba zenyewe hutofautiana kwa namna zinavyomlemea maskini. Upasuaji wa kuondoa sehemu ya pafu ndio wenye matumaini makubwa, na hufanywa katika hospitali chache zenye madaktari bingwa wa kifua, chumba cha wagonjwa mahututi na mashine za kupumulia. Wachache hufika wakiwa bado wanafaa kukatwa. Mionzi ya kutibu hutolewa siku tano kwa wiki kwa wiki kadhaa mfululizo, kwa hiyo anayetoka Sikonge lazima ahamie mjini kwa muda wote huo pamoja na mtu wa kumwuguza. Kwa miaka mingi Ocean Road ilikuwa mahali pekee pa mionzi nchini. Kufunguliwa kwa huduma hiyo Bugando kulipunguza safari ya watu wa magharibi kwa zaidi ya nusu, na huenda hakuna uamuzi mwingine mmoja uliowasaidia wagonjwa wa saratani wa Tabora zaidi ya huo. Dawa za dripu hutolewa kila baada ya wiki tatu, mizunguko minne hadi sita. Mgonjwa anayekosa mzunguko kwa kukosa nauli huandikwa kuwa mtoro.

Kisha kuna vidonge vipya vinavyolenga kasoro maalumu ya vinasaba ndani ya uvimbe, kasoro inayoonekana zaidi kwa wasiovuta sigara, wengi wao wakiwa wanawake. Kimoja kati ya hivyo, erlotinib, kiliingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Kidonge kimoja kwa siku, kinachomezwa nyumbani bila dripu wala kitanda cha hospitali, kingemfaa mtu wa kijijini kuliko mtu yeyote. Lakini bila kipimo cha vinasaba hakiwezi kuandikwa kwa uhakika, na bei yake humweka mbali yule anayekihitaji.

Inaweza kudhaniwa kwamba yote haya ni matatizo ya nchi maskini, na kwamba vifaa vikiwepo usawa utakuja wenyewe. Ushahidi kutoka Marekani unakataa. Mwaka 1999 Peter Bach na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa karibu 11,000 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, wote wakiwa na bima ya serikali na wote wakiwa na saratani ya mapafu ya hatua za mwanzo. Wazungu waliofanyiwa upasuaji walikuwa karibu 77 kwa kila 100. Wamarekani weusi 64. Baada ya miaka mitano, Wazungu 34 kwa kila 100 walikuwa hai, weusi 26. Kati ya waliokatwa, weusi na Wazungu waliishi karibu sawa. Miili haikuwa na tofauti. Tofauti ilikuwa kwenye mlango wa chumba cha upasuaji. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha hali kama hiyo kwa watu wa kipato cha chini, hata katika nchi ambazo matibabu ni ya wote. Kadi ya bima pekee haimfikishi mtu kwenye tiba.

Habari njema ni kwamba pengo hilo limewahi kufungwa. Katika mradi uliofanywa katika vituo vya saratani vya Marekani, majibu yake yakachapishwa mwaka 2019, kompyuta ilipiga kengele kila mgonjwa alipokosa miadi, na mwuguzi aliyefunzwa alimpigia simu, akamwuliza kilichomzuia, akamsaidia kukitatua. Waliokamilisha tiba, weusi kwa Wazungu, walifika karibu 95 katika kila 100. Huko Manchester, Uingereza, mashine za CT zilipakiwa kwenye magari makubwa na kuegeshwa kwenye maduka ya vitongoji maskini kuanzia mwaka 2016, na nyingi ya saratani zilizoonekana zilikuwa za hatua za mwanzo. Upimaji wa aina hii hauwezi kuhamishiwa Tabora kama ulivyo, kwa kuwa makovu ya kifua kikuu yangejaza picha na hofu zisizo na msingi, na fedha zina matumizi ya haraka zaidi. Lakini ule mpango wa mwuguzi na simu unahamishika. Mpango wa kifua kikuu tayari una wahudumu wa jamii wanaowafuatilia wagonjwa hadi nyumbani. Kanuni moja ingetosha kuanzia: mtu mwenye zaidi ya miaka 40 ambaye kipimo cha makohozi hakikuonyesha vimelea, na ambaye hajapata nafuu baada ya miezi miwili ya dawa, apelekwe CT scan bila kusubiri miezi sita iishe, na awepo mtu mwenye jina lake anayejua amefika au hajafika.

Wapo ambao watachelewa hata hivyo, na kwao ukosefu wa usawa huonekana katika maumivu. Saratani ikishaingia kwenye mifupa, vidonge vya kawaida havifui dafu. Morfini ya maji, inayonywewa kwa vipimo vidogo kila saa nne, huyatuliza kwa gharama ndogo, na kwa kuwa hunywewa, mgonjwa anaweza kuitumia akiwa kwake. Haihitaji mashine wala daktari bingwa; inahitaji mhudumu aliyefunzwa, kibali, na ghala lisilokaukiwa. Ikipatikana Mwanza na kukosekana Ulyankulu, mtu aliyekwishakosa upasuaji, mionzi na dripu anakosa pia kitu pekee kilichokuwa rahisi kumpa.

Wagonjwa hawa hawahesabiwi ipasavyo. Rejesta za saratani za Tanzania zimejengwa kuzunguka hospitali kubwa: Dar es Salaam, Mwanza, Kilimanjaro. Anayefia Kaliua akiwa kwenye dawa za kifua kikuu huzikwa bila jina la saratani kuandikwa popote, na vifo vingi vya nyumbani havisajiliwi kabisa. Kwa sababu hiyo saratani ya mapafu huonekana ndogo katika takwimu za nchi, mbali nyuma ya saratani ya mlango wa kizazi na ya matiti, na bajeti ya mashine, dawa na madaktari wa kifua hupangwa kwa kufuata takwimu hizo. Rejesta ya saratani inayoihudumia Kanda ya Magharibi, ikianzia Kitete na hospitali za misheni kama Nkinga, ingegharimu kompyuta chache na makarani waliofunzwa, na ingewapa wapangaji wa bajeti idadi ya watu ambao leo hawaonekani.